Foni ya Vénantie na Intaneti ya Ukutani

Nina hasira, na sitajifanya sina. Anayetaka maneno matamu akatazame tangazo la kampuni, lile la kijana anayechomeka kidude kwenye soketi ya umeme na papo hapo familia nzima inacheka. Wamelibandika hapa mtaani kwetu Mbugangari, Gisenyi, mkabala na duka langu la ushonaji. Kila nikiinua macho kutoka kwenye cherehani naiona ile familia inacheka, na sijui inacheka nini.

Jina langu Mukashyaka, ila mtaani wananiita Mama Nshuti. Ninayetaka kumweleza hapa ni jirani yangu Vénantie. Chumba chake na duka langu vimetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, kiasi kwamba yeye akipiga chafya mimi ndiye ninayemtakia afya. Watu wanamwita Mama Foni.

Foni ni ile redio ya kuongea, sanduku la chuma lenye kisemeo cha kushika mkononi. Inatumia masafa mafupi, inaruka milima na kufika mahali ambapo simu haijawahi kufika. Unabonyeza, unasema. Unaachia, unasikiliza. Ukiwa umebonyeza husikii kitu, hata upande wa pili wakipiga mayowe, kwa hiyo lazima mtu amalize lake na aseme "à vous" ndipo mwenzake aanze. Kule Masisi, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, watu wamekulia kwenye foni. Mtu anakwambia tuonane Jumamosi saa nne, na maana yake ni kwamba atashuka mlima kwa miguu hadi kwa mwenye foni wa kwao, wewe utakwenda kwa mwenye foni wa kwenu, na mtaonana kwa masikio.

Vénantie alizaliwa huko, kijiji kinaitwa Bihira, juu kabisa kwenye malisho. Alipokuwa msichana aliajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha jibini, kazi yake kukaa kwenye foni na kuwaambia wa mjini maziwa ya leo ni mengi au machache. Aliyemfundisha ni mzee mmoja mkali, Sano, ambaye alikuwa akimpiga vidole kwa kalamu akibonyeza ovyo. Baadaye Vénantie aliolewa, akahamia Rwanda na mumewe, akaja na masufuria, watoto na ujuzi huo. Mume akafariki, watoto wakaenda kwao, masufuria yakatoboka. Ujuzi ndio uliobaki.

Alinunua foni kuukuu kwa shirika lililokuwa linafunga ofisi. Akaomba kibali, akakipata, kimeandikwa jina lake na nyumba ile ile. Akafunga waya kutoka kwenye mparachichi wa uani hadi kwenye mlingoti juu ya bati, akaweka betri ya gari na paneli ya jua. Tangu hapo Jumamosi asubuhi hakuna pa kukaa mlangoni kwetu. Wanakuja wenye ng'ombe kule, wanakuja wanaonunua maharage na jibini la kule, na zaidi ya wote wanakuja watoto walioacha wazazi milimani. Nimewashonea wengi nguo kwa sababu tu walikuwa wanangoja zamu yao kwa Vénantie wakachoka kukaa bure.

Na ana sheria zake, zile alizofundishwa na Mzee Sano. Kwanza, kwenye foni ni Kiswahili tu, hata ukiwa unaongea na mama yako mzazi. Nyumbani ongeeni Kinyarwanda chenu mpaka asubuhi, lakini foni haina mlango, kila mwenye sanduku kwenye masafa yale anakusikia, na mtu akisikia lugha asiyoielewa ataanza kudhani mambo. Kule kudhani mambo kumeua watu. Sheria ya pili, ngurumo zikianza, nyamaza. Radi ya milimani inajaza kelele kwenye masikio ya kila mtu kwa pamoja, hakuna anayemsikia mwenzake, na anayesema anamaliza betri bure na kuwafunika wenye shida kubwa kuliko yake. Unafunga mdomo, unangoja mawingu yapite. Kumbukeni sheria hiyo, kwa sababu ndiyo iliyomchinja.

Mimi nilikulia Karagwe, Tanzania, na Vénantie hajawahi kuniachia kwa hilo.

"Mama Nshuti, Kiswahili yako inavalaka tai," huniambia.

"Na chako kimevaa kandambili," namjibu, "tena moja ya kijani, moja nyekundu."

Alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Nasema alikuwa, maana sijamsikia akicheka siku nyingi.

Mama yake alibaki Bihira. Sisi Wanyarwanda mwanamke mzee tunamwita mukecuru, na huyo kila mtu kwenye masafa alimwita hivyo, Mukecuru, kana kwamba wengine wote waliozeeka hawahesabiki. Kila Jumamosi saa nne alikuwa kwenye foni ya kijana mmoja wa huko, Kwizera. Nilikuwa naisikia sauti yake kupitia ukutani, nyembamba, ya taratibu, inauliza habari za watu wote, mpaka mimi: na ule mwenye tai, iko muzima?

Mapigano yalipokaribia milima ile, Vénantie aliamua mama aje Gisenyi. Alitafuta lori la jibini, akapanga na dereva, akanunua kitanda na godoro na blanketi zito la rangi ya zambarau. Mimi nilishona foronya. Lori lilifika Bihira, likampigia honi Mukecuru, naye akatoka nje na kumwambia dereva arudi salama. Mume wake amezikwa pale. Ng'ombe wake wako pale. Yeye haendi popote.

Jumamosi hiyo Vénantie alibonyeza kisemeo kana kwamba anataka kukikamua. "Mama, nilitafuta voiture, nilitafuta kitanda, na we unafukuza dereva? Bon! Ubaki na ng'ombe zako! Mi siite tena ku foni! Siku itakuwa mbaya, mi siite! À vous!"

Benchi lote lilisikia. Milima yote ilisikia, maana foni haina mlango. Kisha ile sauti nyembamba ikaja, ikasema maneno ya foni, ya nimekupata na nimefunga, yale mzee wa watu aliyokwisha kuyajua kwa kuzoea.

"Bien reçu, mwana wangu. Terminé."

Vénantie alikuja dukani kwangu akakaa kwenye marobota ya vitambaa. Hakulia. Alisema, "Jumamosi nitatengeneza." Ndivyo wanavyosema, kutengeneza, kwa maana ya kupatana. Sikuwa na wasiwasi. Mama na binti yake, nani hajawahi kuwasikia? Jumamosi atatengeneza.

Ndani ya wiki hiyo ndipo kampuni ilipokuja. Jina lake silitaji, sitaki kulitangaza bure. Walikuja vijana wenye kofia za rangi moja, wakapanda nguzo, wakafunga visanduku vyeupe kwenye waya za umeme. Intaneti inapita kwenye waya zile zile za taa, walisema, hakuna kuchimba, hakuna mnara, unachomeka ukutani basi. Rugwiro mwenye baa alikuwa wa kwanza kununua, na siku hiyo hiyo mpira ukaonekana kwenye skrini zake zote bila kukwama. Walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mtu yeyote kati yao, hata mmoja, aliuliza kama kuna anayeumia?

Jumamosi Vénantie alivaa kitenge kipya kana kwamba mama yake angemwona. Akawasha foni. Ikatoka kelele ya sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wakikaangwa, sufuria nzima ya mafuta yanayochemka, na ndani yake hakuna sauti ya binadamu.

Akatoka nje akatazama juu. Anga nyeupe pee, hakuna hata wingu.

Akafunga mdomo, kama alivyofundishwa. Akawaambia watu benchini: tungoje, itapita. Walingoja mpaka jua likawafukuza. Mmoja akasema labda volkano inataka kupasuka, kwa sababu hapa kwetu kitu kisichoeleweka tunamsingizia Nyiragongo kwanza, na kuna waliokwenda kufunga mizigo kweli. Jumamosi iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na ile iliyofuata. Kelele, na Vénantie amekaa mbele yake, mikono mapajani, hasemi neno. Benchi likaanza kuwa na nafasi.

Kisha siku moja katikati ya wiki umeme ukakatika. Vénantie alikuwa anafuta vumbi kwenye foni, ameiacha imewaka, na ghafla ikawa safi. Akasikia watu wa mbali kabisa wanaulizana bei ya ndama. Aliniita, nikaja mbio na futi yangu shingoni, tukasimama tunasikiliza bei ya ndama kama watu wanaosikiliza kwaya, ingawa Bihira haikuwepo, maana Kwizera huwasha Jumamosi tu. Umeme ukarudi, taa ikawaka, tukasema afadhali, na baada ya kitambo kidogo tu, visanduku vya kampuni vilipoamka usingizini, kelele ikarudi nayo. Ndipo tulipojua mwizi ni nani.

Sasa sikilizeni jinsi walivyotupiga danadana. Tulikwenda kwenye ofisi yao mjini, mimi na yeye, tumevaa vizuri. Tukapokelewa na kijana anaitwa Cedric, kofia ile ile, meno meupe ya tangazo.

"Mama, siku hizi iko WhatsApp," alimwambia Vénantie.

"Bihira haina réseau. Munara yao waliiba betri, waliiba mafuta, iko inasimama bure."

"Basi wahamie kwenye réseau." Akacheka. Aliona amesema kitu cha akili.

Vénantie alimtazama tu. Mimi sikuweza. Nilimpa vidonge vyake kwa Kiswahili cha tai, nikamwambia mama wa watu ana kibali halali, yuko kwenye masafa yake kabla kampuni yao haijajua Gisenyi iko wapi, na kwamba anayeingia nyumba ya mtu na kumwaga maji machafu sebuleni hamwambii mwenye nyumba ahame. Cedric akaacha kucheka. Akasema atapeleka lalamiko. Tukarudi wiki iliyofuata, akasema lalamiko liko kwenye mfumo. Tukarudi tena, mfumo haupatikani. Mimi nikamuuliza mfumo huo nao unapita kwenye waya za umeme?

Msidhani mwanamke huyu alikaa tu akingoja kampuni. Foni za Goma zilinyamaza tangu mapigano, wenyewe wamehama au wameficha masanduku yao. Aliwapa maneno akina mama wanaovuka na mizigo pale mpakani, Petite Barrière, mmoja akafika Sake, akakuta njia ya kupanda Masisi imefungwa, akarudi na maneno yake mdomoni. Aliomba ruhusa ya kuhamishia foni Nyundo, kwa binamu yake, ambako visanduku vyeupe havijafika. Jibu bado linakuja. Kila jibu katika jambo hili bado linakuja. Ni ile kelele tu iliyofika siku ile ile ya kwanza.

Na kila Jumamosi saa nne aliketi mbele ya kelele amefunga mdomo. Niliona amekonda. Alikuwa na neno moja tu la kumwambia mama yake, kwamba hana hasira naye, na halikuwa na pa kupita.

Hatimaye kampuni ikamtuma fundi. Ndahiro, mtu mzima, mpole, amekulia Uganda, ana begi la vyombo na uso wa mtu aliyechoka kutumwa kwenye makosa ya wengine. Sikutaka kumpenda, lakini alikuwa mtu wa haki. Alitembea uani na chombo chake, akakisogeza kwenye nguzo, akarudi akavua kofia.

"Ni sisi, madam," alisema. "Waya za umeme ziko wazi. Hazikutengenezwa kubeba intaneti, kwa hiyo zinavuja njia nzima. Nguzo zote za mtaa huu zinapiga kelele kwenye masafa yako."

"Donc unaweza kuzima?"

"Naweza kuuambia mtambo uache masafa yako, upite pembeni. Ni kazi ndogo, ya kompyuta. Lakini mimi siruhusiwi. Ruhusa inatoka Kigali. Nitaandika ripoti."

"Andika leo," nilisema mimi.

"Nitaandika leo."

Alianza kukunja nyaya zake. Na hapo, akiwa ameinama, kwa wema kabisa, kama mtu anayetafuta la kufariji, akasema, "Afadhali wale wa upande wa pili hawana taabu. Kule hakuna umeme, hakuna kelele. Wanakupata vizuri."

Vénantie alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini.

"Wananipata?"

"Ndiyo. Kelele iko hapa, inaingia kwenye foni yako. Huko haifiki. Ukisema, wanakusikia kama zamani."

"Hii si kama ngurumo? Ngurumo inashika bote."

"Hapana, madam. Hii ni ya kwako peke yako."

Vénantie alinigeukia. "Mi nilinyamaza," alisema. "Mama Nshuti, mi nilinyamaza. Bale banakuja kila Jumamosi, banaita, na mi ninanyamaza. Nilimuambia mi siite tena. Njo anaona kweli siite."

Nilimgeukia Ndahiro. Nikamuuliza kwa nini hawakusema siku ya kwanza, siku tulipokwenda na nguo zetu nzuri, neno dogo kama hilo, wanakusikia, sema tu. Akaniangalia kwa aibu.

"Hakuna aliyeniuliza, mama. Lalamiko lilinifikia juzi."

Nilikuwa na mkasi mkononi. Nashukuru Mungu kwamba Cedric hakuwa karibu.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, benchi tupu nje. Kelele inakaanga. Vénantie akashika kisemeo, na kwa mara ya kwanza tangu awe Mama Foni akavunja sheria ya Mzee Sano. Alibonyeza katikati ya kelele.

"Bihira, Bihira, hapa Gisenyi. Mi siwasikie. Huku kwetu iko kelele ya courant, lakini banasema bale ba kule munanisikia. Kwizera, kama uko, ita mama." Akasogeza kisemeo karibu na mdomo, kidole bado kimebonyeza. "Mama, ni mi Vénantie. Ile maneno nilisemaka, nilisema na kasirani, na bote balisikia. Basi na leo basikie bote. Siko na kasirani. Nilinyamaza juu ya kelele, haikuwa juu yako. Hata siku moja haikuwa juu yako. Kitanda yako iko. Kama hauwezi kuja, ubaki na baba, ubaki na ng'ombe, barabara itafunguka mi njo nitakuja. Unisamehe, Mama. À vous."

Akaachia. Sambaza wakaendelea kukaangwa. Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama, kama anayesikiliza jibu kwa adabu. Kisha akabonyeza tena akasema yale yale tangu mwanzo, pengine mama hakuwa amefika.

Na Jumamosi iliyofuata akasema tena. Ripoti ya Ndahiro ilikuwa Kigali, kwenye meza ya mtu. Tulikuwa tumejua hilo kutoka kwa Ndahiro mwenyewe, maana Cedric alikuwa ameacha kupokea simu zetu. Jambo la kubonyeza kitufe kwenye kompyuta! Mwanamke anapiga kelele gizani akimwomba radhi mama yake, na mtu mahali fulani anasogeza karatasi ili aweke kikombe chake.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika.

Ilikuwa asubuhi, saa nne imefika. Cherehani yangu ya umeme ikafa katikati ya mshono, baa ya Rugwiro ikanyamaza, mtaa mzima ukaguna. Mimi nilikuwa bado nalaani niliposikia sauti ya mwanaume kupitia ukutani, wazi kabisa, kana kwamba amekaa kwenye kitanda cha jirani.

"Gisenyi, Gisenyi, hapa Bihira. Gisenyi, Gisenyi, hapa Bihira."

Nilipofika mlangoni Vénantie alikuwa ameshabonyeza. "Bihira, hapa Gisenyi! Kwizera! Ninakupata cinq sur cinq, muzuri kabisa! À vous!"

"Eee, Vénantie! Unatusikia? Sisi tunakusikia kila Jumamosi, tunajibu, tunajibu, hausikie! À vous!"

"Leo courant imekatika. Inaweza kurudia saa yoyote. Sema mbio. Mama iko wapi? À vous."

Foni ilikuwa safi, bila hata mkwaruzo.

"Vénantie, kaa chini. À vous."

"Niko nimekaa. Sema. À vous."

"Mukecuru alitutoka. Tulimuzika Jumatano, pembeni ya baba yako. Alikuwa na homa, ilishuka mu kifua, hakuteseka mingi. À vous."

Vénantie hakupiga yowe. Alishika meza kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akabonyeza, na sauti yake ilikuwa ndogo mno hata nikaogopa haitafika. "Alikufa anajua mi ninamukasirikia? À vous."

"Hapana!" Kwizera alisema kwa nguvu. "Sikia. Zile Jumamosi za kwanza, alikuwa anakuja, anakaa, hausemi, anarudi, ndiyo, ilimuuma. Lakini ile siku ulisema, alikuwa hapa. Tulimubeba ku mabega na kipoyi, mi na batoto ba shangazi yako. Alisikia yote. Alilia, na kisha alicheka, aliniambia muzime hii redio, Vénantie asibadilishe mawazo. Na Jumamosi yenye ilifuata alisikia tena. Alituachia neno ya kukuambia, Vénantie. Kabla ya kufa alituita bote, alisema siku huyu mutoto atatusikia tumuambie, na alitufanya turudilie, mutu na mutu, asikie kama tunaishika…"

Taa ikawaka.

Ile balbu juu ya kichwa chake, njano, ya kawaida. Sote wawili tuliitazama. Nje mtaa ukalipuka kwa furaha, watoto wanapiga makofi, "Waje! Umuriro waje!" kama ilivyo ada yetu umeme ukirudi, na Rugwiro akafungulia muziki mpaka mwisho. Tulijua tumebakiwa na kitambo kidogo tu mpaka visanduku viamke. Vénantie alikuwa amebonyeza, analia, "Sema neno! Kwizera, sema neno sasa!" lakini Kwizera alikuwa amebonyeza kwake, na aliyebonyeza hasikii. Alikuwa ameanza kusimulia kwa heshima yote ya watu wa milimani, ambao hawatoi wosia wa marehemu kabla ya kutaja waliokuwepo.

"…alikuwepo shangazi yako, alikuwepo mutoto wake mukubwa, ule wa ng'ombe, alikuwepo na padri mudogo. Njo Mukecuru alinishika mukono hivi, akasema, mumuambie Vénantie…"

Na sambaza wakamwagwa kwenye mafuta.

Nilitoka nje nikipiga kelele wazime, wazime wote, chomoeni ukutani. Walinitazama kama mwendawazimu. Niliingia kwa Rugwiro nikachomoa kidude chake kwa mkono wangu, watu wakanizomea kwa kuwakatia muziki, na nilipokuwa nacho mkononi nikakumbuka kwamba ni mtaa mzima, nguzo zote, na kwamba ningechomoa hivyo mpaka Jumapili. Nilikitupa sakafuni. Akitaka anishitaki.

Niliporudi, Vénantie alikuwa ameegemeza sikio kwenye bati la foni.

"Banarudilia," aliniambia. "Ninajua banarudilia. Nimebaambia barudilie."

Alikuwa sahihi, na hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Kule Bihira walikuwa wanampata cinq sur cinq. Kwizera alikuwa anasema lile neno polepole, kisha tena, kama alivyoombwa, na kila mwenye foni milimani kote, wachunga ng'ombe, wauza jibini, watu ambao hawajawahi hata kumwona, walikuwa wanalisikia neno la Mukecuru waziwazi. Aliyeachiwa neno hilo alikuwa amekaa chini ya balbu inayowaka.

Akabonyeza tena.

"Rudilia, Kwizera. Polepole. À vous."